Padri Gregor Mendel, Mwalimu Aliyeshindwa Mtihani

Ndugu wakatekumeni, wamo kati yenu watu wazima waliokwisha kupata wajukuu, na bado kila juma hushika njia ya kilima, wakaketi katika benchi moja na watoto ili wajifunze. Wengine huona haya. Katekista akiwauliza swali, hukosa jibu, na vijana hucheka. Jioni, wakirudi nyumbani, hujiuliza kama inafaa kuendelea. Kwa ajili yao hasa twawaletea leo maisha ya mtawa mmoja wa Ulaya. Kazi yake ilikuwa ualimu, naye alikwenda kufanya mtihani wa ualimu mara mbili, na mara zote mbili akarudi mikono mitupu. Hata hivyo jina lake hutajwa leo katika shule za sekondari za dunia nzima, na za Bukavu pia, kila mwalimu afikapo katika somo la urithi wa viumbe. Jina lake ni Padri Gregor Mendel.

MTOTO WA MKULIMA

Alizaliwa mwezi wa Julai mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika nchi iliyotawaliwa wakati ule na Kaisari wa Austria. Siku hizi kijiji hicho chaitwa Hynčice, nacho kimo katika nchi ya Ucheki. Alibatizwa kwa jina la Johann. Baba yake, Anton Mendel, alikuwa mkulima. Alikuwa na shamba lake, lakini kwa sheria ya siku zile ilimpasa kufanya kazi siku tatu za kila juma katika mashamba ya bwana mkubwa wa nchi, pasipo mshahara. Wazee wetu wa Kivu, waliosimuliwa na baba zao habari za kazi za lazima, wataelewa upesi maana ya jambo hilo.

Anton na mkewe Rosine walilea watoto watatu: Veronika, Johann, na Theresia aliye mdogo. Paroko wa mahali pale, Padri Johann Schreiber, aliwapenda wakulima wake, akawafundisha kutunza miti ya matunda na kuipandikiza, ili tawi la mti mzuri lishikane na shina la mti mwingine. Hivyo Johann alianza tangu utoto kuitazama mimea kwa macho ya mtu anayeuliza kwa nini huu uko hivi na ule uko vile. Mwalimu wa kijiji aliona kwamba mtoto huyu ana akili, naye akawashauri wazazi wampeleke mbele katika masomo.

Lakini masomo yalidai fedha. Johann alipofika katika shule ya mji wa Opava, wazazi wake waliweza kulipa nusu tu ya chakula chake. Mara nyingi alishinda na njaa. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake likamwumiza vibaya, na tangu siku ile Anton hakuweza tena kufanya kazi kama zamani. Johann, akiwa kijana wa miaka 16, alianza kuwafundisha wanafunzi wenzake kwa malipo kidogo ili apate kula. Aliugua, akarudi nyumbani, akapona, akaenda tena shuleni, akaugua tena.

Hapo ndipo dada yake mdogo alipofanya tendo ambalo yafaa kulikumbuka. Kwetu mume ndiye apelekaye mali kwa wakwe, lakini kwa desturi ya huko msichana ndiye huingia katika ndoa akiwa na mali aliyowekewa na wazazi. Theresia alitoa sehemu ya mali yake hiyo ili kaka yake aendelee kusoma. Johann hakusahau. Miaka mingi baadaye, alipokuwa na uwezo, aliwasomesha wana watatu wa Theresia, na wawili kati yao walipata kuwa waganga.

KATIKA MONASTERI YA BRNO

Mwaka 1843 Johann alipokelewa na Waagustino katika monasteri ya Mtakatifu Tomaso mjini Brno, akapewa jina la kitawa, Gregor. Yeye mwenyewe aliandika baadaye, pasipo kuficha, kwamba hali ya maisha yake ndiyo iliyomwelekeza huko, kwa maana alikuwa amechoka kupigana na njaa. Tusimcheke. Mungu huwaita watu kwa njia nyingi, na wengine huwaita kwa njia ya shida zao. Aliyeingia kwa sababu ya shida alikaa humo miaka 40, akafa akiwa mtawa.

Mkuu wa monasteri, Abati Cyrill Napp, alipenda elimu na kilimo. Watawa wake wengi walikuwa walimu. Mwaka 1847 Gregor alipewa daraja takatifu ya upadri, akatumwa kuwahudumia wagonjwa wa hospitali. Lakini moyo wake haukuweza kustahimili. Kila alipoona mtu akilia kwa maumivu, au akifa, naye alilegea mwili mzima, hata akaanza kuugua mwenyewe. Abati Napp hakumfokea wala hakumwita mvivu. Alitambua kwamba mtu aliyekosa katika kazi moja aweza kufaa katika nyingine, naye mwaka 1849 akampeleka mji wa Znojmo kufundisha kwa muda katika shule ya sekondari. Huko Padri Gregor alifundisha vizuri, na wenzake wakapendezwa naye.

MTIHANI NA SAFARI YA VIENNA

Lakini serikali ilikuwa imetoa sheria mpya: mwalimu wa sekondari lazima awe na cheti. Basi mwaka 1850 Padri Gregor alikwenda Vienna, mji mkuu, kufanya mtihani. Katika fizikia alijibu vema. Katika habari za mawe ya dunia na za wanyama alijibu vibaya, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha mambo hayo. Alikuwa amejisomea peke yake vitabuni. Akarudi bila cheti.

Hapa, ndugu wasomaji, maisha yake yangaliweza kuishia. Wangapi kati yetu, wakishindwa mara moja, huweka daftari darini wasilishike tena! Lakini mmoja wa wale waliomtahini aliona kwamba mtu huyu hakukosa akili, alikosa mafunzo, akashauri apelekwe chuo kikuu. Abati Napp alikubali. Hakuhesabu gharama kuwa hasara, wala hakusema kwamba mtu aliyekwisha kufundisha wengine hana haja ya kufundishwa. Mwaka 1851 Padri Gregor, mwalimu mwenye umri wa miaka 29, aliketi tena kama mwanafunzi.

Alikaa Vienna hata mwaka 1853. Christian Doppler alimfundisha fizikia, na jinsi ya kuuliza swali moja kwa wakati mmoja, kisha kulijaribu kwa kazi ya mikono. Andreas von Ettingshausen alimfundisha hesabu, hasa namna ya kuhesabu jinsi vitu viwezavyo kuungana na kupangwa. Franz Unger alimfundisha habari za mimea, na jinsi chavua, yaani ule unga wa maua, unavyoufanya ua kuzaa mbegu. Masomo hayo yalionekana kama vijito mbalimbali, lakini katika moyo wa Padri Gregor yakaungana kuwa mto mmoja. Wakulima walijua mimea, wala hawakuhesabu. Wenye hesabu walihesabu, wala hawakushika jembe. Yeye alipata kujua yote mawili.

Aliporudi Brno alipewa kazi katika shule nyingine ya sekondari, akafundisha humo fizikia na elimu ya viumbe miaka 14. Mwaka 1856 alikwenda tena Vienna kufanya mtihani. Safari hii aliugua siku zilezile za mtihani, akaacha, akarudi nyumbani. Hakujaribu tena. Mpaka mwisho wa kazi yake ya ualimu alikuwa mwalimu wa muda, asiye na cheti kamili.

BUSTANI YA NJEGERE

Nyuma ya monasteri palikuwa na kipande cha bustani, urefu wa meta 35 hivi na upana wa meta 7. Bustani nyingi za akina mama wa Kabare na Walungu huizidi ukubwa. Hapo Padri Gregor alipanda njegere, ambazo ni ndugu wa maharagwe na hukaa kama yale ndani ya ganda. Alizifahamu vema, mwaka 1854 aliandika pia habari za mdudu atoboaye mbegu zake, kama vile wadudu watoboavyo maharagwe yetu ghalani.

Kwanza alikusanya aina 34 za njegere, akazipanda miaka miwili ili aone kama kila aina yazaa mfano wake bila kubadilika. Hakutaka kujenga juu ya msingi usio imara. Kisha alichagua tabia saba zinazoonekana wazi, kwa mfano mbegu laini ya mviringo au mbegu yenye makunyanzi. Mbegu ya manjano au ya kijani. Mmea mrefu au mfupi.

Kazi yenyewe ilitaka uvumilivu. Ua la njegere hujizalisha lenyewe. Kwa hiyo alilifungua kabla halijakomaa, akaondoa kwa uangalifu vile vikonyo vyenye unga, ndipo akapaka juu yake unga wa ua la mmea mwingine, akalifunika kwa mfuko wa karatasi au wa kitambaa, ili nyuki na wadudu wengine wasilete unga wa kwao. Halafu alingoja mbegu. Akazichuma, akazihesabu, akaziandika, na mwaka uliofuata akazipanda tena. Hivyo tangu mwaka 1856 hata 1863, kabla ya kwenda darasani na baada ya kutoka. Kwa jumla alichungua mimea yapata 28,000.

ALICHOKIONA

Alipounganisha mmea wa mbegu laini na mmea wa mbegu za makunyanzi, watoto wote walitoka laini. Mtu mwingine angalisema kwamba makunyanzi yamepotea kabisa. Padri Gregor alizipanda mbegu hizo laini, akaziacha zijizalishe zenyewe. Mwaka uliofuata alifungua maganda, akakuta makunyanzi yamerudi! Akahesabu: mbegu laini 5,474, mbegu za makunyanzi 1,850. Akafanya vivyo hivyo kwa rangi: za manjano 6,022, za kijani 2,001. Kila mara karibu tatu kwa moja. Tabia iliyofichika haikufa. Ilikuwa imenyamaza kwa kizazi kimoja, ikangoja.

Kwa nini tatu kwa moja? Jambo hili laweza kuelezwa kijijini pasipo mashine yoyote. Chukueni vikapu viwili vidogo. Katika kila kikapu tieni maharagwe mawili, moja jekundu na moja jeupe. Kikapu cha kwanza ni baba, cha pili ni mama. Fumbeni macho, toeni haragwe moja katika kila kikapu, mtazame mmepata nini, kisha myarudishe na kuanza tena. Yaweza kutoka jekundu na jekundu. Yaweza kutoka jekundu la baba na jeupe la mama. Yaweza kutoka jeupe la baba na jekundu la mama. Au yaweza kutoka jeupe na jeupe. Njia ni hizo nne tu. Kama jekundu ndilo litawalalo, basi katika njia tatu mtoto ataonekana mwekundu, na katika njia moja tu ataonekana mweupe.

Hiyo ndiyo siri aliyoivumbua. Kwa kila tabia ya namna hiyo mmea hubeba vitu viwili, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama, naye humpa mtoto kimoja tu, bila kuchagua. Mkitoa maharagwe mara nne tu, yawezekana hesabu isitimie. Mkitoa mara mia, mtaikaribia. Ndiyo maana Padri Gregor alihesabu maelfu, wala hakuridhika na mbegu za ganda moja.

Nasi watu wa Kivu, tulao maharagwe karibu kila siku, tupendezwe kujua kwamba alijaribu pia maharagwe. Aliunganisha haragwe fupi na haragwe refu lipandalo miti, akaona kwamba urefu wa mmea hufuata sheria ileile ya njegere. Lakini katika rangi za maua ya aina nyingine ya maharagwe hesabu ilimchanganya, naye akaeleza wazi ugumu huo katika maandiko yake. Mwalimu mwaminifu haondoi kile kisicholingana na somo lake.

KIMYA CHA MIAKA 35

Tarehe 8 Februari na tarehe 8 Machi mwaka 1865 Padri Gregor alisoma kazi yake mbele ya chama cha wataalamu wa Brno. Walimsikiliza kwa heshima, wakarudi makwao. Mwaka 1866 maneno yake yalipigwa chapa katika kitabu cha chama. Akapata nakala 40 za kuwapelekea wataalamu. Mmoja wao, Carl Nägeli, mkuu katika elimu ya mimea huko München, alimjibu, lakini hakuelewa uzito wa jambo lenyewe. Alimshauri ajaribu mmea mwingine, ambao, kama ilivyojulikana baadaye, huzaa mbegu bila kuunganishwa na chavua. Kwa hiyo haukuweza kumwonyesha sheria zake. Padri Gregor alihangaika nao miaka mingi, akaumia macho, asipate jibu.

Mwaka 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa Abati mahali pa Napp aliyekufa. Akaacha ualimu. Akafuga nyuki, akapima mvua na joto kila siku. Baada ya mwaka 1874 akaingia katika ugomvi mrefu na serikali kwa sababu ya kodi mpya juu ya mali za monasteri, ambayo aliiona si ya haki. Hakulipa hata mwisho, na ugomvi huo ulimwacha peke yake. Alikufa tarehe 6 Januari mwaka 1884, siku ya Epifania, akiwa na umri wa miaka 61. Mji wa Brno ulimlilia kama Abati mwema. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto. Karibu hakuna aliyejua kwamba mtu mkuu katika elimu ya viumbe alikuwa amezikwa.

Lakini mbegu iliyokaa kimya udongoni si mbegu iliyokufa. Mwaka 1900 wataalamu watatu, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kwa njia yake, waliona hesabu ileile katika mimea yao, wakafungua vitabu, wakakuta kwamba mtawa mmoja wa Brno amewatangulia kwa miaka 35. Mwaka 1905 Mwingereza William Bateson aliipa elimu hiyo jina la jenetiki. Vile vitu viwili viwili vikaitwa jeni. Mwaka 1953 umbo la kile kiitwacho DNA, ambamo jeni zimeandikwa, lilijulikana. Mwaka 1990 wataalamu walitambua kwa nini njegere huwa na makunyanzi: jeni moja imeharibika, na mbegu haiwezi kugeuza sukari yake kuwa wanga kama ipasavyo. Kwa hiyo hujaa maji, na ikikauka hukunjamana. Mwaka 2003 kazi ya kusoma jenomu ya binadamu, yaani jumla ya urithi wake, ilitangazwa kuwa imetimia. Mwaka 2014 jenomu ya maharagwe yetu nayo ikasomwa.

YATUHUSU NINI SISI?

Huenda mtu atauliza: njegere za Brno zatuhusu nini sisi wa Bukavu? Zatuhusu katika shamba. Huko Mulungu, katika nchi ya Kabare, watafiti wa INERA kwa miaka mingi wamechagua na kueneza mbegu za maharagwe kwa ajili ya milima yetu, na kati yake zile zenye madini ya chuma mengi, yaongezayo damu kwa mama na watoto. Kazi ya kuunganisha mbegu na kuchagua huongozwa na sheria aliyoivumbua Padri Gregor.

Tena zatuhusu ndani ya nyumba, na hapa jambo ni zito. Mnajua kwamba wako watoto wanaozaliwa wazima machoni pa watu, kisha baada ya miezi huanza kulia kwa maumivu ya mifupa, mikono na miguu huvimba, macho huwa ya manjano, damu hupungua. Huo ni ugonjwa wa selimundu, ambao waganga wa Kongo huuita drepanositozi. Nchi yetu ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi wa ugonjwa huo. Katika vijiji, mtoto wa namna hiyo akifa, na mdogo wake akiugua vilevile, maneno huanza. Bibi mzee wa jirani huitwa mchawi. Au mume humfukuza mkewe, akisema kwamba tumbo lake lina laana.

Rudini kwenye vikapu viwili. Haragwe jekundu na liwe damu njema, jeupe na liwe ugonjwa. Baba ana moja jekundu na moja jeupe, kwa hiyo yu mzima. Mama naye vivyo hivyo, yu mzima. Lakini mtoto apataye jeupe kwa baba na jeupe kwa mama huugua. Mwaka 1949 James Neel huko Marekani, na E. A. Beet aliyekuwa mganga katika nchi iitwayo leo Zambia, walionyesha kila mmoja kwamba ugonjwa huu hufuata sheria ya Mendel. Basi mama peke yake hawezi kumletea mtoto ugonjwa huo. Baba naye ametoa sehemu yake, pasipo kujua na pasipo kosa. Wala jirani hana neno. Tena kila mimba huanza kuchota upya vikapuni: waliopata watoto watatu wazima wasidhani kwamba wa nne lazima awe mgonjwa, na waliopata mgonjwa mmoja wasidhani kwamba zamu imekwisha. Kipimo cha damu chaweza kuwaonyesha vijana, kabla ya kuoana, kama wamebeba urithi huo.

Ni vivyo hivyo kwa mtoto zeruzeru azaliwaye na wazazi wenye ngozi nyeusi. Baba na mama wote wawili walibeba jambo lililofichika. Anayemshtaki mke kwamba alitoka nje ya ndoa kwa sababu ya rangi ya mtoto, amshtaki bure.

Basi fikirini mwalimu wa biolojia katika sekondari ya kijijini. Alipata somo hili zamani, kwa kuandikishwa daftarini. Naye huwaandikisha wanafunzi wake: tatu kwa moja, tatu kwa moja. Wao huyakariri kwa ajili ya mtihani wa Serikali, hufaulu, kisha hurudi nyumbani na kumwogopa bibi wa jirani kama mwanzo. Mwalimu huyo si mbaya. Amekosa mafunzo, kama Padri Gregor mwaka 1850. Elimu ya urithi imekua sana tangu alipotoka chuoni, naye hakuna aliyemwita aketi tena darasani. Mjini Bukavu tuna Chuo cha Juu cha Ualimu kiitwacho ISP, tuna na vyuo vikuu. Mwalimu arudipo huko wakati wa likizo ili ajifunze upya, wakuu wa shule na wazazi wasimwone kama mtu apotezaye siku. Na mwenzake ajuaye zaidi asione uzito kumweleza, wala yeye asione haya kuuliza. Vikapu viwili na maharagwe manne vyapatikana katika kila nyumba. Kinachohitajiwa ni mwalimu ajuaye maana yake.

Abati Napp hakuvumbua sheria za urithi. Hata hivyo, kama hangalimpeleka mwalimu wake Vienna, pengine bustani ile ingalizaa njegere za kupika tu.

Ndugu wakatekumeni, mkishindwa swali msiache njia. Aliyeshindwa mtihani mara mbili aliendelea kufundisha, aliendelea kuhesabu, aliendelea kuwa mtawa mwaminifu, naye alikufa pasipo kuona matunda. Walioyaona ni wengine. Nanyi mnaowatuma walimu na makatekista, kumbukeni kwamba afundishaye watu ana haja ya kufundishwa, ili asije akawapa watoto wetu maneno matupu siku ile watakapohitaji ukweli.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Abati Napp alimtendea nini Padri Gregor aliposhindwa kazi ya hospitali, na aliposhindwa mtihani? Sisi huwatendeaje wenzetu walioshindwa?

2. Fanyeni kazi ya vikapu viwili nyumbani, mara mia moja, mkiandika kila mara. Jeupe na jeupe limetoka mara ngapi?

3. Je, katika mtaa wenu yuko mama aliyeshtakiwa kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto wake? Nani atamweleza mumewe ukweli?